Namna ya Kumwomba Mcheki Azungumze Polepole bila Kumkwaza

Sentensi inayostahili kukaririwa kabla ya nyingine zote ni hii: “Můžete mluvit pomaleji, prosím?” Maana yake ni “Unaweza kuzungumza polepole zaidi, tafadhali?”, nayo yamfaa mwanamume na mwanamke, karani wa posta, daktari, kondakta wa treni na jirani mnayekutana kwenye lifti. Zipo sentensi zenye adabu kubwa zaidi, nazo zitaelezwa, lakini hizo humtaka msemaji apige hesabu ya jinsia na idadi kabla ya kufungua kinywa, na mtu ambaye tayari amebabaishwa na kasi ya mwenzake hana nafasi ya kupiga hesabu hiyo.

Mwongozo huu ni kwa msomaji wa Kiswahili anayeishi katika Jamhuri ya Cheki au anayejiandaa kwenda huko. Baadhi huvutwa na vyuo vikuu vya umma, ambavyo havimtozi ada ya masomo mtu anayesoma kwa Kicheki, awe raia wa nchi yoyote. Mwanafunzi wa namna hiyo kwa kawaida hutumia takriban mwaka mmoja kujifunza lugha kwanza, kwa mfano katika kituo cha Chuo Kikuu cha Charles kilichopo Poděbrady. Wengine huhitaji lugha kwa ajili ya vibali: tangu Septemba 2021 mwombaji wa ukaazi wa kudumu hutakiwa, isipokuwa kwa makundi yaliyosamehewa kisheria, kufaulu mtihani wa lugha wa ngazi ya A2 badala ya A1, ngazi ya chini kabisa katika vipimo vya Ulaya vya ujuzi wa lugha, iliyotosha hapo awali, na anayeomba uraia hutakiwa kufika B1. Wote hawa hugundua jambo moja. Mwalimu darasani huzungumza polepole kwa sababu ndiyo kazi yake, ilhali keshia wa dukani, ambaye kwa pumzi moja huuliza kama una kadi ya duka, kama unataka mfuko na kama unahitaji risiti, hana sababu ya kupunguza mwendo mpaka aombwe.

Matamshi ya ombi

Sauti nyingi za sentensi hiyo zipo tayari katika kinywa cha Mswahili. Kinachotutega ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na katika Kicheki sanifu huangukia silabi ya kwanza, hata neno liwe refu kiasi gani. Kwa hiyo haisemwi “pomaLEji” bali “POmaleji”, na herufi j hutamkwa kama y yetu. Alama ya mshazari juu ya irabu, kama katika “prosím”, na kiduara juu ya u, kama katika “můžete”, havionyeshi mkazo, bali huonyesha kwamba irabu hiyo hurefushwa. Neno “prosím” basi lina mkazo mwanzoni na urefu mwishoni, PROsiim, na masikio yetu, yaliyozoea kusikia urefu na mkazo vikienda pamoja, huhitaji siku kadhaa kulikubali jambo hilo. Herufi ž ni sh inayotamkwa kwa mtetemo wa koo, kwa uhusiano uleule uliopo kati ya s na z.

Neno “mluvit” lina silabi mbili tu, mlu na vit. Sisi hutamka m ya mlango na mlima kama silabi inayojitegemea, na tukifanya hivyo hapa neno hupata silabi ya ziada na mkazo wake huvurugika; m na l zishikamane na kutoka kwa pamoja. Jihadhari pia na tabia ya kufunga kila neno kwa irabu: ni “mluvit”, si “mluviti”. Mwishoni mwa sentensi sauti ipande, kwa kuwa ni swali. Ikishuka, ombi husikika kama agizo.

Anayeishi Ostrava na sehemu za Silesia zinazouzunguka mji huo atapata nafuu kidogo, kwa kuwa wenyeji wa huko hufupisha irabu na huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama sisi, hata Wacheki wengine huwatania kwamba wana “krátký zobák”, yaani mdomo mfupi wa ndege. Hata hivyo mgeni aanze na matamshi sanifu, kwa maana ndiyo yanayoeleweka kila mahali na ndiyo yanayosikilizwa kwenye mtihani.

Salamu kwanza, kisha sababu, kisha ombi

Ombi lisitangulie salamu. Wacheki huamkiana kwa “Dobrý den” wanapoingia dukani, kwenye chumba cha kusubiri daktari, na mara nyingi hata kwenye lifti, na mtu anayeanza na shida yake moja kwa moja huonekana hana malezi. Jambo hili halina ugeni kwetu. Ugeni upo katika ufupi wake. Anayetoka Mombasa au Tanga angependa kuuliza habari za nyumbani, za kazi na za tangu jana, lakini swali la “Jak se máte?”, yaani u hali gani, kwa keshia usiyemfahamu humshangaza, pengine akadhani unataka kumuuzia kitu. “Dobrý den” inatosha.

Baada ya salamu, toa sababu kwa maneno machache: “Promiňte, učím se česky”, yaani samahani, ninajifunza Kicheki. Sentensi hii fupi hufanya kazi kubwa, kwa sababu humweleza msikilizaji kwamba tatizo si usikivu wako wala si dharau, na kwamba unajitahidi kuijua lugha yake, ambayo wageni wengi huishi nchini humo miaka na miaka bila kuigusa. Ndipo lije ombi lenyewe. Kwa ukamilifu: “Dobrý den. Promiňte, učím se česky. Můžete mluvit trochu pomaleji, prosím?” Neno “trochu”, yaani kidogo, lisidharauliwe, humpa mwenzako nafasi ya kukubali bila kuhisi kwamba amekuwa akikosea muda wote.

Epuka kusema “Mluvíte moc rychle”, yaani unazungumza haraka mno. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi na huenda ni kweli pia, lakini humtupia mwenzako lawama, na karani aliyeketi dirishani tangu asubuhi hatakushukuru kwa kumkosoa. Uzito ubebe wewe: “Promiňte, ještě dobře nerozumím”, samahani, bado sielewi vizuri. Epuka vilevile “Cože?” na “Co?”, yaani nini, kwa mtu usiyemzoea, hayo ni ya nyumbani na ya vijana wenyewe kwa wenyewe. Panapohitajika neno moja tu la kuomba mtu arudie, “Prosím?” lenye sauti inayopanda ndilo la adabu.

Vy na ty, mwanamume na mwanamke

Kicheki hutofautisha “ty”, nafsi ya pili umoja, na “vy”, ambayo ni ya wingi lakini hutumika pia kwa mtu mmoja usiyemfahamu au unayemheshimu. Kwa mtu mzima yeyote usiyemjua tumia “vy”. “Ty” ni kwa watoto, jamaa, marafiki, na kwa kawaida wanafunzi wenzako, na kwao sentensi yetu huwa “Můžeš mluvit pomaleji, prosím?” Kwa desturi anayependekeza kuhamia “ty” ni mkubwa kwa umri au mwenye cheo, au mwanamke kwa mwanamume, mgeni asubiri apendekezewe. Hutokea Mcheki akamwita mgeni “ty” tangu neno la kwanza, pengine akidhani anamrahisishia lugha, pengine kwa kutojali tu. Kwa maoni yangu jibu bora ni kuendelea na “vy” kwa utulivu, bila kununa na bila kumrekebisha. Aliye muungwana atajirekebisha mwenyewe, na asiyekuwa muungwana hatabadilishwa na somo lako la adabu.

Ukishaizoea sentensi ya msingi, panda ngazi moja. Mwanamume huambiwa “Mohl byste mluvit trochu pomaleji, prosím?” na mwanamke huambiwa “Mohla byste mluvit trochu pomaleji, prosím?” Hapa kitenzi kimo katika hali ya masharti, kama tunavyosema “ungeweza”, na ndiyo adabu ya kawaida ya ofisini, hospitalini na mbele ya mhadhiri. “Byste” ni ya wingi wa heshima, ilhali “mohl” na “mohla” hubaki katika umoja kwa sababu anayeambiwa ni mmoja. “Mohli byste” ni ya kundi, kwa mfano wafanyakazi wenzako wanaopokezana maneno wakati wa chakula cha mchana mpaka ukapotea kabisa. Ukitaka kulainisha zaidi, kanusha: “Nemohl byste mluvit trochu pomaleji?” Ukanushaji huo humwachia mwenzako mlango wa kukataa, na kwa sababu hiyo hiyo mara chache hukataa.

Ugumu kwa Mswahili, ambaye lugha yake haimuulizi kama anayesemwa ni Juma au Mwanaisha, ni kwamba jinsia huonekana kwa msemaji vilevile. Mwanamume ambaye hakuelewa husema “Nerozuměl jsem”, na mwanamke husema “Nerozuměla jsem”. Katika sentensi ndefu jinsia mbili zinaweza kukutana: mwanamume akimwomba mwanamke kwa kusema kwamba angefurahi kama angezungumza polepole zaidi, atasema “Byl bych rád, kdybyste mluvila pomaleji”, ambapo “byl” na “rád” vinamhusu yeye, na “mluvila” inamhusu huyo mwanamke. Anayehisi kwamba mguu mmoja unateleza arudi kwenye “Můžete”, ambayo haina jinsia. Sentensi rahisi iliyosemwa kwa uthabiti ina adabu kuliko ndefu iliyokatika katikati.

Kwa wenye vyeo vya kitaaluma, taja cheo kabla ya ombi: “Pane doktore” kwa daktari mwanamume, “Paní doktorko” kwa daktari mwanamke, “Pane profesore” kwa profesa. Maumbo haya ni ya kuitia, nayo hutofautiana na yale yanayotumika unapomtaja mtu asiyekuwepo.

Je, ni kasi kweli inayokusumbua?

Hapa ndipo maombi mengi yanapoharibika. Mtu huomba upole wa mwendo, mwenzake anaupunguza kwa moyo mweupe, na bado hakuna kilichoeleweka, kwa sababu tatizo halikuwa mwendo. Kabla ya kuomba mara ya pili, jiulize ni nini hasa kilichopotea.

Kama ni neno moja tu, liulize hilo: “Co znamená…?”, yaani nini maana ya, na ulitamke kama ulivyolisikia. Kama umeyajua maneno lakini sentensi ilipita kabla hujaikamata, “Ještě jednou, prosím” inatosha, yaani mara moja zaidi, tafadhali, au kwa ukamilifu, “Můžete to zopakovat?” Kama maneno yote ni mageni, kurudiwa polepole ni kurudiwa tu, na kinachofaa ni “Můžete to říct jinak?”, unaweza kulisema kwa namna nyingine? Kwa tathmini yangu sentensi hii ya mwisho ndiyo inayofundishwa kidogo kuliko manufaa yake.

Namna nyingine huhitajika hasa kwa sababu ya lugha ya mitaani. Katika Bohemia, yaani sehemu ya magharibi ya nchi, mji mkuu Praha ukiwemo, watu wengi katika mazungumzo ya kawaida hawazungumzi lugha sanifu ya vitabuni. “Dobrý” huwa “dobrej”, “okno”, yaani dirisha, huwa “vokno”, na “být”, yaani kuwa, huwa “bejt”. Aliyejifunza kwa kitabu husikia maneno asiyoyajua, akadhani ni kasi. Unaweza kumwomba rafiki azungumze “spisovně”, yaani kwa lugha sanifu, lakini usimwombe fundi bomba hivyo, kwani ombi hilo litasikika kama unamsahihisha. Yeye mwombe aseme kwa namna nyingine.

Tarakimu na saa ni mtego wa peke yake. Namba 25 huweza kusemwa “dvacet pět”, ishirini na tano, au “pětadvacet”, ambapo tano hutangulia ishirini, na zote mbili ni za kawaida. Katika mazungumzo ya fedha “kilo” huweza kuwa koruna 100 na “litr” koruna 1,000, jambo linaloweza kumfadhaisha aliyekuja kununua baiskeli ya mtumba. Kwenye saa, “půl osmé” si saa 8:30 bali ni 7:30, kwa kuwa huhesabiwa nusu ya kuelekea nane. Ni wakati ambao sisi, ikiwa ni asubuhi, tungeuita saa moja na nusu. Hata Mcheki akilitamka polepole kiasi gani, anayesikia nusu na nane atafika saa nzima baadaye. Kwa bei, tarehe, saa na anwani usiombe mwendo, omba maandishi: “Můžete mi to napsat, prosím?” Hakuna anayekasirika kuombwa kalamu.

Matangazo ya spika hayaombeki. Maneno ya treni za chini ya ardhi za Praha, “Ukončete prosím výstup a nástup, dveře se zavírají”, yanayowataka abiria wamalize kushuka na kupanda kwa sababu milango inafungwa, huzoeleka haraka kwa kurudiwa katika kila kituo. Kwenye stesheni ya reli, tangazo la kubadilishwa kwa jukwaa likikupita, mgeukie abiria wa karibu umuulize “Promiňte, co hlásili?”, yaani samahani, wametangaza nini? Yeye ndiye unayeweza kumwomba azungumze polepole.

Majibu utakayoyapata

Jibu la kwanza huenda likakushtua. Mcheki anayekubali mara nyingi husema “No jo”, “No jasně” au “No” peke yake, na anayejua Kiingereza husikia kukataliwa. Kinyume chake ndicho sahihi: katika mazungumzo ya Kicheki “no” huelekea upande wa ndiyo, na kukataa ni “ne”.

Wengine wataitikia kwa kupaza sauti. Hawakugombezi, wanaamini sauti kubwa husaidia. Waweza kusema kwa tabasamu “Slyším dobře, jen potřebuji víc času”, nasikia vizuri, nahitaji muda zaidi tu. Vijana wa mjini watahamia Kiingereza, na baadhi ya wazee watajaribu Kijerumani au Kirusi. Ikiwa jambo ni la haraka, pokea msaada huo na ushukuru. Ikiwa una nafasi na unataka kujifunza, sema “Raději česky, prosím, ale pomalu”, afadhali kwa Kicheki, tafadhali, lakini polepole, na utakuta wengi wanafurahi, kwani hawakutazamia.

Walio wengi watapunguza mwendo kwa sentensi mbili kisha watarudi kwenye kasi yao, kwa sababu mazoea ya ulimi hayasikii ahadi. Kuomba tena mara moja si utovu wa adabu: “Ještě trochu pomaleji, prosím.” Kuomba mara ya tatu huanza kuchosha pande zote mbili, na njia bora ni kurudia wewe mwenyewe kile ulichoelewa. Ukisema “Takže mám přijít ve středu v devět?”, kwa hiyo nije Jumatano saa 9:00, yaani saa tatu asubuhi, mwenzako atathibitisha au atasahihisha kipande kilichokosewa tu, na kipande hicho atakisema polepole bila kuombwa.

Lipo kosa ambalo malezi yetu hutusukuma kulifanya. Tumefundishwa kumwitikia mkubwa anapozungumza, na kwa heshima hiyo mtu huketi mbele ya karani akisema “ano, ano” huku haelewi, kwa kuogopa kumsumbua. Kwa Mcheki “ano” ni kukubali au kuthibitisha, na karani ataandika kwamba umekubali. Mahali pa “ano” isiyo na hakika weka “Moment, prosím”, vuta pumzi, kisha uulize. Ukishaelewa, “Děkuji, teď rozumím”, asante, sasa naelewa, humwambia kwamba subira yake imezaa.

Kwenye simu, kwa daktari na mbele ya serikali

Simu ni ngumu kuliko ana kwa ana, kwa kuwa midomo haionekani na mikono haisaidii. Toa taarifa tangu mwanzo, kabla mwenzako hajashika kasi: “Dobrý den, jsem cizinec” kwa mwanamume, “jsem cizinka” kwa mwanamke, yaani mimi ni mgeni wa nchi nyingine, kisha ombi lako. Mazungumzo yakishindikana, omba barua pepe: “Můžete mi to poslat e-mailem?”

Kwa daktari, maelekezo ya dawa yaandikwe, hata kama unadhani umesikia “třikrát denně”, mara tatu kwa siku. Katika dharura adabu zote hizi huwekwa kando, namba 155 ni ya gari la wagonjwa na 112 ni ya dharura kwa Ulaya nzima, na “Pomalu, prosím!” inatosha.

Mbele ya mamlaka za serikali, kwa mfano katika shauri la kibali cha ukaazi, upole wa karani una mpaka wake. Shughuli hizo huendeshwa kwa Kicheki au Kislovakia, na anayetamka kwamba haimudu lugha hiyo ana haki ya kuwa na mkalimani aliyeandikishwa, ingawa kwa kawaida gharama huwa juu yake. Ombi la kuzungumza polepole lafaa pale unapowasilisha karatasi au kuuliza foleni; panapotakiwa saini yako chini ya maelezo usiyoyaelewa, sentensi ya kutumia si ile tuliyoanza nayo bali ni “Potřebuji tlumočníka”, nahitaji mkalimani. Vituo vya kuwasaidia wageni, mfano Integrační centrum Praha, hutoa ushauri na kozi za Kicheki, na ni vyema kwenda huko kabla ya siku ya miadi.